Rodi za kuchomelea za 7018: ipi ununue, na pakiti uikagueje kabla ya kulipa

Karakana zinazotengeneza matangi, boriti na matela zina lalamiko moja kila masika: mshono unapita ukaguzi Ijumaa, Jumatatu una ufa. Lawama anabebeshwa fundi, au mashine. Mara nyingi kosa ni la rodi iliyonyonya unyevu tangu dukani.

Ampea na bei ya kilo nayaacha, kila muuzaji atakutajia. Swali lisiloulizwa ni hili: pakiti ilifunguliwa lini?

Sifa ya 7018 ni haidrojeni kidogo. Ganda lake likinyonya maji, joto la arki, yaani cheche ya umeme inayoyeyusha chuma, huyavunja, haidrojeni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka na kunasa humo kikipoa. Kwenye sahani nene au chuma kigumu hupasua mshono kutoka ndani, saa kadhaa au hata siku mbili baadaye. Ndiyo maana kanuni ya AWS D1.1, ya chama cha uchomeleaji cha Marekani, inaruhusu 7018 ya kawaida ikae wazi saa 4 tu, na ile yenye herufi R mwishoni saa 9. Baada ya hapo inarudi kwenye oveni nyuzi 260 hadi 430 za Selsiasi, saa 2 kamili, na hairuhusiwi kuokwa mara ya pili. Kuanika juani hakusaidii, bati la Dar halifiki joto hilo hata Januari. Kuibandika rodi kwenye chuma ili ipate moto ni kuliharibu ganda lenyewe.

Chaguo langu la kwanza ni ESAB OK 48.00 iliyofungwa VacPac, na siyumbi. Hewa imenyonywa kwenye pakiti, kwa hiyo unafungua na kuchomelea moja kwa moja bila kuoka. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikiwa nzima ni ngumu kama tofali. Ikilegea na rodi zikacheza ndani, hewa imeshaingia. Irudishe, au dai bei ya rodi inayohitaji oveni. Pakiti ya kawaida haikuonyeshi hali yake wazi namna hii, na kwa karakana isiyo na oveni hilo peke yake linatosha kulipa zaidi.

Ya pili ni Böhler FOX EV 50. Ni E7018-1 H4R: haidrojeni isiyozidi mililita 4 kwa gramu 100 za chuma cha mshono, na ganda linalostahimili unyevu. Nzuri sana kwa kazi yenye mkaguzi mkali, mradi una oveni ya kuzitunzia nyuzi 120 baada ya kufungua.

Kwa mabomba, pasi ya kwanza (mshono wa chini kabisa), nunua Kobelco LB-52U. Hiyo ni E7016, nayo ya haidrojeni kidogo, imetengenezwa kupenya upande mmoja. Usiijazie tangi zima.

Rodi za bei ya chini za 6013, geji 10 na geji 12, zinafaa mageti, madirisha na grili. Basi. Usizipeleke kwenye boriti ya kreni.

Sasa wauzaji. Kuna maduka yanayofungua pakiti ya 7018 asubuhi, yanaiweka kaunta karibu na mlango, na kuuza moja moja wiki nzima huku mvua ikinyesha nje. Kisha unatozwa bei ya haidrojeni kidogo kwa rodi ambayo sifa hiyo imeshaisha! Wengine wanazihamishia kwenye mifuko ya nailoni isiyo na jina wala namba ya bechi. Ukikuta hivyo, gonganisha rodi mbili: kavu hulia kwa sauti kali ya chuma, yenye maji hulia butu. Tazama ncha ya kushikia kama ina kutu, na ganda kama lina unga mweupe. Moja ya dalili hizo ikiwepo, acha.

Kwa oda ya kilo nyingi, dai cheti cha 3.1, yaani cha kiwanda chenye matokeo ya vipimo, chenye namba ya bechi inayolingana na iliyopigwa kwenye boksi. Muuzaji akisema atakitafuta baadaye, na malipo nayo yasubiri hiyo baadaye. Karatasi hiyo hutoka kiwandani, na bado wapo wanaoiuza kama huduma ya ziada.