Saa Inayokukaa: Nilichojifunza Baada ya Miezi Minane na Saa Isiyo ya Mkono Wangu

Nilivaa saa isiyonikaa kwa miezi minane kabla sijakubali kwamba tatizo ni ukubwa wake. Kwa mengine yote ilikuwa saa nzuri: uso wa buluu iliyokolea, cheni nzito ya chuma, mishale inayosomeka hata gizani. Niliinunua kwa kuiona kwenye picha. Maelezo yalisema kipenyo ni milimita 44, nami nikaona hiyo ni namba ya kawaida kwa saa ya kiume. Sikuwahi kujiuliza mkono wangu wenyewe una ukubwa gani, na hilo ndilo swali lililopaswa kutangulia.

Basi ikawa kila nikikunja kiganja kwenda nyuma, kile kitufe cha kuzungushia mishale kinanichoma. Kufikia jioni panabaki alama nyekundu. Nikikaa kwenye kompyuta, naivua naiweka pembeni. Nikitembea inazunguka, uso unaangukia upande wa kidole kidogo, narudisha, unaanguka tena. Nikatoa kipande kimoja cha cheni ili ikaze. Kweli ikaacha kuzunguka, lakini sasa inabana, na jasho likiingia chini yake ngozi inawasha. Muda wote huo nililaumu cheni.

Aliyenifumbua macho ni fundi saa mmoja, mtu mzima, niliyempelekea anibadilishie cheni anitilie mkanda wa ngozi. Hakuivua saa. Aliushika mkono wangu, akachukua kipande cha karatasi ngumu akakipitisha chini ya ganda la saa, upande wa juu kisha upande wa chini. Kikapita bila kugusa ngozi. "Mwanangu," akasema, "mkanda nitakutilia, ila hautakusaidia. Pembe zimepita mkono."

Pembe ndivyo alivyoviita vile vichomozo vinne vinavyoshika mkanda, viwili juu na viwili chini. Kwenye saa yangu zilining'inia hewani kama upenu wa nyumba, na cheni ikawa inashuka wima kutoka huko nje badala ya kuulalia mkono. Akaweka rula: kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini, milimita 53. Kisha akapima sehemu bapa ya mkono wangu, pale juu panapokaa saa: milimita 50. Hesabu ikaishia hapo. Namba ile ya 53 haikuandikwa popote kwenye maelezo niliyoyasoma. Kilichoandikwa kwa herufi kubwa kilikuwa kipenyo tu.

Tangu siku ile sinunui saa, wala simshauri mtu anunue, bila kujua urefu wa pembe hadi pembe. Kipenyo kinakwambia saa itaonekana kubwa kiasi gani mbele ya macho. Pembe hadi pembe inakwambia kama itakaa. Mimi nautaka urefu huo uwe mfupi kuliko sehemu bapa ya mkono, hata kama ni kwa milimita mbili tatu, ili mkanda uanze kushuka pale mkono unapoanza kupinda.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Zungushia uzi au utepe wa fundi cherehani kwenye kifundo cha mkono, pale hasa unapovaa saa, uushike bila kukaza. Hicho ndicho kipimo cha mzunguko. Wangu ni sentimita 16.5. Halafu laza rula juu ya mkono, uangalie ule ubapa unaanzia wapi na kuishia wapi kabla ngozi haijaanza kuteremka. Namba hii ya pili ndiyo muhimu zaidi, maana mikono haifanani umbo. Rafiki yangu mmoja ana mzunguko ule ule wa 16.5, lakini mkono wake ni wa mviringo karibu kama bomba, na ubapa wake haufiki milimita 46. Saa inayonikaa mimi, kwake inayumba. Pima asubuhi, kisha pima tena jioni au wakati wa joto, kwa sababu mkono huvimba kidogo. Mkanda unaokutosha asubuhi na mapema unaweza kukubana mchana.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo nalipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote anayenunua bila kuijaribu saa. Nilichukua kadibodi, nikachora duara lenye kipenyo cha saa niliyoifikiria, nikaongezea pembe juu na chini mpaka urefu ukatimia, nikakata, nikalaza mkononi, nikasimama mbele ya kioo kikubwa. Hapo ndipo unaiona kama watu wengine watakavyoiona. Picha ya simu iliyopigwa karibu na mkono hudanganya: kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa, kwa hiyo saa huvimba na mkono husinyaa. Mpe mtu akupige picha kutoka hatua mbili tatu, au tumia kioo.

Nilikata kadibodi kama sita hivi. Iliyonishangaza ni ya Seiko SKX007. Ni saa ya kupigia mbizi iliyoanza kutoka mwaka 1996, ambayo sasa haitengenezwi tena, nami niliipata ikiwa imeshavaliwa na mwingine. Kipenyo chake ni milimita 42.5. Kwa namba hiyo peke yake ningeiacha, kwa kuwa nilishaumwa na 44 na sikutaka kusogea karibu na huko tena. Lakini pembe hadi pembe ni milimita 46 tu. Kwa kipenyo imepungua milimita moja na nusu kutoka kwenye ile saa yangu ya kwanza; kwa pembe hadi pembe imepungua 7. Na pembe zenyewe zimepinda kuelekea chini, hivyo zinaukumbatia mkono badala ya kwenda moja kwa moja.

Ninayo kwa mwaka wa tatu sasa. Siivui nikiandika. Sababu moja ni kwamba kitufe chake hakikuwekwa kwenye namba 3 kama ilivyozoeleka, kipo karibu na namba 4, kwa hiyo nikikunja kiganja hakikutani na ngozi. Watu hudhani ni urembo. Kwangu mimi ndiyo tofauti kati ya saa ninayoisahau mkononi na saa ninayoivua mara tano kwa siku. Haizunguki, haianguki upande. Unene wake ni milimita 13.25, na hilo ni la kutarajiwa kwa saa inayostahimili maji hadi mita 200, maana ganda na kioo lazima viwe na nguvu. Kwa shati lenye mkono wa kubana navaa saa nyembamba zaidi.

Unene nao watu huupuuza. Saa ya milimita 38 yenye unene wa 14 juu ya mkono mwembamba hukaa kama kifuniko cha chupa. Saa ya 40 yenye unene wa 9 hulala. Ukiwa na mkono mdogo na unapenda saa pana kidogo, tafuta nyembamba kwanza.

Kuna mambo mengine yanayobadilisha ukubwa unaoonekana bila kugusa namba. Uso mweupe usio na ringi pembeni huonekana mkubwa kuliko uso mweusi wenye ringi pana. SKX007 ina ringi ya kuzungusha, kwa hiyo sehemu ya uso wenyewe ni ndogo kuliko kipenyo kinavyodai. Saa za mraba na mstatili nazo zina hesabu yake: kona zake hujaza mahali ambapo duara huacha wazi, hivyo mraba wa milimita 38 unaweza kuonekana mkubwa kuliko duara la 40. Na kwa saa zenye mkanda wa plastiki uliounganika na ganda, usipime ganda peke yake. Mara nyingi mkanda hutoka ukiwa mgumu na hauanzi kupinda mpaka umeshasogea milimita kadhaa. Vivyo hivyo kwa baadhi ya cheni za chuma ambazo kipande cha kwanza hakikunjiki. Hicho kihesabu kama sehemu ya pembe.

Kwa kazi za mikono nina Casio F-91W, ile saa ndogo ya namba iliyotoka mwaka 1989. Upana wake ni milimita 35.2, urefu 38.2, unene 8.5, na uzito gramu 21. Sijawahi kuona mkono wa mtu mzima ambao saa hii imeupita. Mtu akiniambia hana saa yoyote na hajui aanzie wapi, humwambia aivae hii mwezi mzima, ajue kwanza saa nyepesi na ndogo inavyokaa mkononi, kisha apande kutoka hapo. Kuanzia kubwa kama nilivyofanya mimi kunakuzoesha vibaya.

Hofu niliyokuwa nayo, na ninayoisikia kwa wanaume wengi wenye mikono midogo, ni kwamba saa ndogo itaonekana ya kike au ya kitoto. Historia ya saa inaiondoa hofu hiyo. Rolex ilipotoa Datejust mwaka 1945 ilikuwa saa ya kiume ya milimita 36, na kwa miaka mingi hicho kilikuwa kipimo cha heshima kabisa. Explorer yao ya 36 ilipandishwa hadi 39 mwaka 2010, na mwaka 2021 wakairudisha 36. Zile kubwa za zamani zilikuwa na sababu yake. Saa za waongozaji wa ndege za kivita za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa na kipenyo cha milimita 55 kwa kuwa zilifungwa juu ya koti nene la kurukia, na zilipaswa kusomeka haraka ndani ya ndege inayotikisika. Saa za kampuni ya Panerai za wapiga mbizi wa jeshi la maji la Italia, milimita 47, zilivaliwa juu ya vazi la kuzamia. Hazikukusudiwa ngozi tupu ya mkono wa sentimita 16.

Kwa upande wa wanawake, maneno "ya kike" na "ya kiume" hayapimi chochote. Dada yangu ana mkono wa sentimita 14.5, na kwa miaka alivaa saa za milimita 26 kwa sababu ndizo alizoonyeshwa kila alipokwenda kununua, ingawa uso mdogo wa saa hizo ulimpa tabu kuusoma. Tulipompimia ubapa wake ukawa milimita 44. Sasa anavaa ya 34 yenye pembe hadi pembe 41. Imemkaa vizuri mno, na anaisoma bila kuisogeza karibu na macho.

Mahali pa kuvalia nako kuna maana. Ule mfupa unaochomoza upande wa kidole kidogo, saa ikae nyuma yake, kuelekea kiwiko. Ikikaa juu ya mfupa itayumba hata iwe na kipimo gani, na ikikaa mbele yake itaingiliana na kiganja kila ukikikunja. Nafasi kati ya mkanda na ngozi iwe ya kidole kimoja kupita kwa shida kidogo.

Mikanda nitaigusa kwa kifupi. Mkanda wa kawaida wa ngozi mara nyingi huwa karibu milimita 120 upande wa matundu na 75 upande wa bizimu, na kwa mkono kama wangu ncha inayobaki ni ndefu mno. Ipo mifupi, ulizia. Mkanda wa kitambaa unaopita chini ya ganda huinua saa, kwa hiyo saa nene huzidi kuwa nene. Napenda mkanda unaopungua upana, kwa mfano kutoka 22 kwenye pembe hadi 18 kwenye bizimu, kwani huufanya mkono mwembamba uonekane na uwiano. Cheni ikikulegea, kabla hujatoa kipande kizima, angalia vitundu vidogo pembeni mwa kifungio. Fundi anaweza kusogeza pini tundu moja na ikatosha kabisa. Mimi nilitoa kipande kizima, na sehemu ya ule mbano ilitokana na hapo.

Ile saa ya milimita 44 sikuiuza. Nilimpa kaka yangu, ambaye mzunguko wa mkono wake ni sentimita 19.5. Tulirudishia kile kipande cha cheni na kuongeza kingine. Nilipoitazama mkononi mwake nilichukua karatasi ngumu nikajaribu kuipitisha chini ya pembe kama alivyofanya fundi. Haikupita.