Bima ya wazazi au ya chuo: ipi imfae mwanafunzi aliye mbali?

Bima ya afya ya wazazi ina mvuto wake. Aghalabu haiongezi gharama kubwa, tena inaendelea hata wakati wa likizo. Tatizo ni orodha ya hospitali. Kama zote zilizomo ziko karibu na nyumbani, huko chuoni kadi huenda ikafaa kwa dharura tu. Homa, jino au miadi ya kila mwezi mwanafunzi atalipa kutoka mfukoni. Mzazi aipigie kampuni simu na kuuliza: ni kituo gani jirani na chuo kinachopokea kadi hii? Atajiwe kituo kwa jina, asiridhike na ahadi.

Bima ya chuo humtibu pale pale anapoishi, mara nyingi akianzia zahanati ya chuo. Ila soma ukomo wa malipo ya kulazwa na upasuaji, maana huko ndiko familia huumia. Angalia pia kama inakatika muhula ukiisha, na kama inalipia ushauri wa afya ya akili. Hilo la mwisho lina uzito kwangu kuliko miwani. Upweke wa mwaka wa kwanza si jambo dogo.

Mwenye pumu, kisukari au selimundu ningemchagulia ya chuo, mradi isiwe na kipindi cha kusubiri, yaani muda wa mwanzo ambao bima hailipi, kwa maradhi aliyokuja nayo. Mwenye afya njema, ambaye bima ya wazazi ina kituo jirani, abaki nayo. Vyovyote iwavyo, ya zamani isifutwe kabla mpya haijaanza kufanya kazi.