Mti wa Gyeongju Ukutani Lamu: Maoni Kuhusu Duka la Picha na Fremu, Langoni

Anayetaka kupima uhodari wa wachapaji wa picha asiwapelekee picha ya harusi, bali awapelekee ya mti uliopukutika majani. Niliyowapa mafundi wa duka hili la mtaa wa Langoni, Lamu, ilipigwa na mpwa wangu anayesoma Korea Kusini, nayo inaonyesha Bonghwangdae, tuta la kaburi la enzi ya ufalme wa Silla katika mji wa Gyeongju, lenye kimo cha mita 22 hivi na kipenyo cha mita 82, likiwa limeotwa na miti ya zelkova ambayo baridi ya Januari imeiacha matawi matupu. Makaburi makubwa ya Silla yalijengwa kwa chumba cha mbao kilichorundikiwa mawe na kufukiwa udongo mwingi, na ni katika udongo huo miti imepata pa kushika mizizi.

Kazi ya kuchapa ni nzuri sana. Fundi alitoa kwanza kipande cha majaribio, akapunguza weusi, na ndipo alipochapa karatasi nzima; kwa hiyo vitawi vyembamba, ambavyo mashine ikizidisha wino hugeuka doa moja, vinaonekana kimoja kimoja hadi nchani, na nyasi zilizokauka zimebaki na rangi yake. Bei si ndogo, lakini kwa uangalifu huo sikuona sababu ya kuvutana.

Kuhusu fremu, walinishauri nichukue ya nakshi za maua kama za milango yetu, nami nikakataa, kwa kuwa picha yenye matawi mengi kiasi hicho haihitaji mapambo mengine pembeni. Waliniundia ya mbambakofi, isiyo na mchoro, na pembe zake zimekutana barabara. (Jirani aliyeuliza iweje nitundike kaburi sebuleni nilimkumbusha mibuyu iliyoota kwenye magofu ya Takwa, mji wa kale kisiwani Manda, ambayo hatujawahi kuiona haya.)

Kasoro ni kioo, ambacho kiligusa karatasi moja kwa moja. Kwa unyevu wa kisiwa hiki, wino hunata kwenye kioo na picha ikaharibika. Niliwarudishia, wakatia vijiti vyembamba vya mbao kati ya kioo na karatasi, ila walinitoza tena, jambo ambalo si haki. Mteja aagize vijiti hivyo kabla fremu haijafungwa, na aliye Shela au Manda akubaliane nao mapema kuhusu nauli ya mashua.