NSSF au kikoba, kwa mtu anayehama kazi?

Mjadala huu hauishi hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ukiajiriwa kwenye chai Mufindi, NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, hupokea asilimia 20 ya mshahara wako, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu ya mchango huo. Kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, unalipa mwenyewe, hisa kwa hisa.

Ukihamia Mbeya, namba ya uanachama wa NSSF ni ileile. Kikoba kinabaki Mafinga, kulekule Mufindi, na daftari lake. Lakini mtoto akiugua usiku, mweka hazina anapigiwa simu, asubuhi mkopo uko mkononi. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Na mwajiri asipopeleka makato? Mimi nilikuta miezi minne haipo. Inauma! Kagua taarifa yako mara kwa mara.

Mwenye mkataba asiiache NSSF. Kibarua wa msimu aanze na kikoba, kipato kikitulia ajiandikishe kuchangia mwenyewe.