Daftari la Shukrani kwa Watoto: Nusu Yake Inafaa Sana

Daftari hili nililinunua kwa shilingi 6,000 katika duka la vifaa vya shule katikati ya Jiji la Dodoma. Limekusudiwa watoto wa miaka mitano hadi minane, na lina kurasa 31, moja kwa kila siku ya Desemba, mwezi ambao shule zimefungwa na watoto wanadai nguo mpya na zawadi tangu asubuhi hadi wanapolala.

Ubora wake uko katika kurasa zinazomwuliza mtoto, "Nani amekusaidia leo, na amefanya nini?", kisha zinamtaka amchore mtu huyo, aikate karatasi na kumpelekea mwenyewe. Mtoto wa umri huu haelewi shukrani ya jumla jumla, bali anaelewa mtu aliyemwona akitoka jasho kwa ajili yake. Binti yangu, anayeingia darasa la kwanza Januari, alimchora kijana anayetuletea maji kwa mkokoteni mabomba yanapokauka, akayapanga madumu marefu kuliko nyumba yetu. Kijana alipokabidhiwa karatasi aliigeuza huku na huku, akauliza asaini wapi. Alipoelezwa, aliikunja taratibu akaitia mfukoni mwa shati, na tangu hapo binti humwamkia bila kusukumwa, jambo ambalo maneno yangu hayakuwahi kulifanikisha.

Kurasa nyingine, karibu nusu ya daftari, zinasema tu, "Taja vitu vitano unavyovifurahia." Majibu yalikuwa soda, baiskeli, katuni, pilau, na baiskeli tena. Hiyo ni oda ya Krismasi. Jalada nalo linajigamba kwamba kuandika shukrani kila siku kumethibitishwa na sayansi kuwa kunamfaa mtoto, ilhali utafiti maarufu wa wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough kuhusu kuandika shukrani, uliochapishwa mwaka 2003, ulihusu wanafunzi wa chuo kikuu na watu wazima wenye maradhi ya misuli na neva, na katika sehemu yake ya kwanza washiriki waliandika mara moja tu kwa wiki.

Michoro ndiyo iliyoniudhi zaidi: theluji, mabuti na bomba la moshi. Desemba ya huku ni mwanzo wa mvua, na mtoto anayepelekwa likizo kwa bibi yake Kongwa au Bahi atawakuta watu shambani wakipanda mtama na uwele, kisha jioni atawekewa ugali na mlenda. Ukurasa mmoja wa kumwuliza nani alilima chakula hicho ungefaa kuliko miti yote ya theluji.

Karatasi ni nyepesi na huchanika kwa kifutio, hivyo mpe mtoto kalamu za rangi badala ya penseli. Mwenye watoto wawili anunue madaftari mawili, kwa kuwa kurasa za kukata hazina nakala, na asihangaike kuzijaza zote 31.