Joto la chini ya sakafu: kabla hujanunua mkeka, uliza kihisi kitalala wapi

Wiki iliyopita dada mmoja wa Coventry alinitumia picha ya bafu lake. Marumaru tano zimebanduliwa, gundi imechimbwa kwa patasi, na katikati ya vumbi kinaonekana kiwaya chembamba chenye kichwa kama punje ya mahindi: kihisi, kile kinachopima joto la sakafu. Sikuhitaji kusoma ujumbe wake. Yalinikuta hayohayo hapa Leicester, Uingereza.

Nilinunua mkeka wa umeme, yaani wavu wenye waya wa joto unaolazwa chini ya marumaru, wa mita tatu za mraba kwa bafu la chini. Baridi ya kwanza tulistarehe. Ya pili, asubuhi moja ya Januari, thamostati, kile kidhibiti joto cha ukutani, ikaonyesha kosa na kugoma. Fundi umeme, Mkenya wa mtaani kwetu, alifungua kifuniko ukutani akagusa nyaya mbili za kihisi kwa ncha za multimita. Kihisi cha kilo-omu 10 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kikiwa kizima, sakafu ikiwa nyuzi 20, husoma kama 12.5. Changu kilisoma OL, maana yake waya umekatika. Akaniuliza, "Mama, hiki kilipitishwa kwenye mrija?" Sikujua hata mrija gani anaousema.

Mkeka wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Kilichokufa ni kihisi, kitu cha paundi chache, lakini fundi wa marumaru alikuwa amekizika moja kwa moja kwenye gundi. Kingepitishwa ndani ya mrija, ningekivuta kupitia ukutani na kusukuma kipya kwa dakika kumi. Badala yake tulivunja. Marumaru za aina ile zilikuwa zimeshaacha kutengenezwa, kwa hiyo kuvunja tatu kukawa kuvunja sakafu nzima. Muuzaji niliyempigia alinijibu kwamba dhamana ni ya mkeka, na kihisi si sehemu ya mkeka. Alivyokuwa akiniuzia aliviita vyote seti moja.

Ndiyo maana kwenye mwongozo huu sitawachosha na wati wala rangi za thamostati. Mikeka mingi ya chini ya marumaru ni ya wati 100 mpaka 200 kwa mita ya mraba, na yote inapasha joto. Mimi naipanga kwa swali moja: kihisi kikifa, nini kitatokea?

Na kihisi ndicho chenye pesa yako. Kati ya Aprili na Juni 2025, ukomo wa bei wa Ofgem, msimamizi wa nishati wa hapa, uliweka uniti ya umeme kwenye peni 27 hivi na ya gesi peni 7. Umeme ulikuwa karibu mara nne ya gesi, kwa hiyo anayekuambia upashe nyumba nzima kwa mikeka ya umeme anakupoteza. Faida iko kwenye kupasha bafu peke yake alfajiri bila kuwasha boila ya nyumba nzima. Mkeka wa wati 450 ukiwaka saa mbili unakula uniti 0.9, kwa bei hiyo kama peni 24. Ukiwaka usiku na mchana bila kitu cha kuuambia basi, ni uniti 10.8, karibu paundi tatu kwa siku. Kihisi ndicho kinachouambia basi.

Namba moja kwangu ni Schlüter, ule mfumo wao wa DITRA-HEAT, na sifichi kwamba naupenda. Ni kampuni ya Kijerumani. Unatandaza shuka la rangi ya chungwa lenye vinundu, kisha unabana waya katikati ya vinundu kwa mkono. Ukiruka vinundu kwa nafasi ya kawaida unapata wati 136 kwa mita ya mraba, na shuka lenyewe linasaidia marumaru zisipasuke zege la chini likicheza. Ila kilichonifanya nitoe pochi ni kwamba thamostati yao huja na vihisi viwili. Viwili! Kimoja unaunga, cha pili unakilaza sakafuni kama akiba. Hao ni watu waliokaa wakafikiria siku ya mimi kupiga magoti bafuni na patasi. Ni ghali, na shuka, waya na thamostati huweza kuuzwa mbalimbali, kwa hiyo jumlisha vyote kabla hujafurahia bei ya shuka.

Namba mbili ni mikeka ya Warmup na DEVI. Ni mizuri, ila nunua mwenyewe kihisi cha pili na mrija. Hakikisha kihisi kinaendana na thamostati, maana kuna vya kilo-omu 10, 12 na 15, na ukichanganya bila kubadilisha mpangilio, sakafu itasomwa joto ambalo halipo.

Namba tatu ni mabomba ya maji. Kama unajenga upya chini kote, hii ndiyo inayookoa pesa kweli, kwa sababu maji ya nyuzi 35 mpaka 45 yanatosha, na pampu ya joto (mashine inayovuta joto la nje kupasha maji) hupenda maji ya namna hiyo. England na Wales serikali inachangia paundi 7,500 kwenye pampu. Ila kwa bafu moja ni kuvunja nyumba bure.

Mikeka ya karatasi ya alumini, ya chini ya sakafu za mbao, naiweka ya nne. Mbao nyingi hazitakiwi kupita nyuzi 27, kwa hiyo hapo kihisi kikidanganya unaharibu na sakafu.

Seti za bei ya chini za mtandaoni: nyingine hazina mrija kabisa. Pita.

Jambo jingine linaloniuma ni wauzaji kukuuliza ukubwa wa chumba na kukupigia hesabu ya chumba chote. Chini ya beseni la kuogea na kabati lililofungwa hakuwekwi mkeka, joto hunasa humo. Bafu la mita tano huenda likahitaji mita tatu tu. Mkeka ukizidi, unaweza kukata wavu wake na kuugeuza, lakini waya haukatwi kamwe, na ukishaufungua wauzaji wengi hawaupokei tena. Wanalijua hilo. Pimeni wenyewe.

Siku ya kazi, simama bafuni. Mrija uzibwe ncha ili gundi isiingie, ulale katikati ya nyaya mbili za joto bila kuzigusa, na kona ya kupandia ukutani iwe ya mviringo mpana. Kabla ya marumaru ya kwanza, mwambie fundi akivute kihisi chote nje akirudishe mbele yako. Kikikwama, kona imekunjwa vibaya, apange upya. Fundi wangu wa pili alinuna kidogo, lakini akafanya. Sasa alfajiri sakafu inasoma 24, na nyuma ya kifuniko cha thamostati waya wa kihisi cha akiba umekunjwa, una utepe mweupe nilioandika "2".