Mia ni mia? Betri iliyoniacha katikati ya mlima

Nawapa nyota moja. Kama sifuri ingekubalika ningewapa sifuri, na hata hiyo moja ni ya pikipiki ya umeme, si ya kituo cha kubadilishia betri.

Mambo ya kasi na nguvu ya mota siandiki, hayo yamebandikwa kila mahali. Mimi nina neno na betri moja, na yule kijana wa dirishani.

Kwa asiyejua utaratibu: pikipiki ni yako, betri ni ya kampuni. Huchaji wewe, wanachaji wao. Ikikaribia kuisha unaingia kituoni, unachomoa uliyokuja nayo, unachomekewa iliyojaa, unaondoka hata helmeti hujavua. Wazo zuri, nakiri. Taiwan wanabadilishana betri za skuta namna hii tangu 2015 na mambo yanakwenda. Kwa hiyo tatizo si wazo.

Kazi yangu ni kupeleka vifurushi. Betri nzima inanitosha mzunguko wa asubuhi, na nikirudi huwa imebaki kama asilimia 30 hivi. Nilishazoea, nikawa hata skrini siitazami. Siku hiyo, nadhani ilikuwa katikati ya wiki, mvua imetoka kunyesha, nikapewa betri yenye mchubuko mrefu ubavuni kama imeburutwa kwenye saruji. Skrini ikaandika 100. Nikaondoka.

Nusu ya vifurushi bado ninavyo, natupa jicho: 22. Nikasema labda macho yangu. Nikaanza kupanda mlima. 19. 14. Halafu ikaruka, sioni 10 wala 9, moja kwa moja 6, na mota ikanyamaza. Haikukohoa kama petroli inavyokohoa kukuaga. Ilinyamaza tu, na pikipiki ikaanza kurudi nyuma pamoja na mimi.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Betri iliyochoka inaweza kujikaza kwenye tambarare, lakini ukiitaka nguvu nyingi kwa mkupuo, volteji yake inaporomoka, na ule ubongo mdogo uliomo ndani unakata umeme ili seli zisiharibike. Kwa hiyo betri mbovu haikuachi kwenye tambarare. Inasubiri mlima.

Nikasukuma. Nasukuma, pikipiki ya petroli ikanipita pembeni na kunipulizia moshi usoni, na mimi ndiye niliyekuwa nawahubiria wenzangu juu ya moshi. Kuna mama alinifungulia mlango kupokea mzigo wake akaniuliza kama nimeogelea.

Sasa kituoni.

"Kaka, hii betri ni mbovu. Ulinipa mia, imekufa nusu ya mlima."

Hakuinua kichwa, yuko na simu. "Ilitoka ikiwa mia?"

"Mia, ndiyo, lakini..."

"Basi bosi, mia ni mia. Angalia unavyoendesha."

Nikamwomba aiweke kando, aandike hata kwenye karatasi, mtu aipime. Akaichukua, akaipangusa kwa kitambaa (akaipangusa!) na kuisukumiza kwenye kabati la kuchajia. Taa nyekundu, inajaa. Yaani ndani ya muda mfupi itakuwa kijani, na mtu mwingine atakuja kuambiwa mia ni mia. Nilipopaza sauti ndipo akaniangalia. "Kama inakushinda, si urudi kwenye petroli yako?"

Juu ya kichwa chake ukutani wamechora jani la kijani, kubwa kuliko dirisha lenyewe.

Naomba mnisikilize hapa, maana wengi tunadanganyika. Ile asilimia ya kwenye skrini haikuambii una umeme kiasi gani. Inakuambia betri imejaa kiasi gani kwa kadiri ya uwezo iliobaki nao. Ndoo ikijaa ni asilimia mia. Kikombe kikijaa, asilimia mia. Betri ikizeeka, ndoo inageuka kikombe polepole huku namba ikibaki ile ile. Kuna namba ya pili, ya afya ya betri, inayolinganisha uwezo wa leo na ule iliotoka nao kiwandani. Kwenye magari, ikishuka hadi 80 au 70, betri huhesabiwa kuwa imefika wakati wa kustaafu barabarani, ikahifadhi umeme wa jua mahali imetulia. Namba hiyo mimi dereva sionyeshwi. Umoja wa Ulaya waliliona jambo hili, kanuni yao ya betri ya mwaka 2023 inataka taarifa za afya ya betri za vyombo hivi ziweze kusomwa, na kuanzia Februari 2027 kila moja iwe na pasipoti yake ya kidijitali. Betri ina pasipoti! Yangu ilikuwa na mchubuko tu.

Na ni kweli, nilirudi kwenye petroli. Kwa hasira. Shemeji aliniazima pikipiki yake, nikaikalia kama wiki na siku kidogo. Ilikuwa inakunywa lita 3 kwa siku. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Inazidi hata uzito wa petroli yenyewe, kwa sababu kaboni yake inajiunga na oksijeni ya hewani. Piga hesabu: karibu kilo 7 kila siku, mtu mmoja, vifurushi vile vile, mlima ule ule. Zote zilirudi angani kwa sababu ya jibu la mtu mmoja aliyekuwa anachezea simu. Usafiri unabeba kama robo ya kaboni dayoksaidi inayotokana na nishati duniani, na pikipiki na bajaji ndivyo vyombo vilivyotangulia kuhamia kwenye umeme kuliko magari. Wakubwa wanaweza kupanga mipango ya mkoa mzima, lakini mipango hiyo yote inapitia kwenye dirisha lile.

Lakini niseme ukweli wote. Siku ya tatu juu ya petroli nilikuwa nimeshaichukia. Mkono unakufa ganzi kwa mtetemo. Suruali inanuka. Klachi nilikuwa nimeisahau, nikazima injini mara mbili mbele za watu. Zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya ile petroli inaishia kuwa joto tu, na joto lenyewe nililipata kwenye kifundo cha mguu, kovu ninalo. Ya umeme unakaa juu yake unasikia mtu akikuita. Ukiteremka mlima, breki inarudisha umeme kidogo kwenye betri, na mimi hicho kitu bado kinanifurahisha kama mtoto. Umeme ukitoka kwenye makaa ya mawe faida inapungua, hilo najua, sijifanyi mtakatifu. Ukitoka kwenye maji, upepo au joto la ardhini, ni habari nyingine.

Basi nikarudi. Nyota mbili. Haya, tatu, kwa sababu kituo cha pili, kile cha mbali, kuna dada pale ambaye nilipomweleza alichomeka kifaa chake, akatazama, akasema "Pole kaka, hii imechoka," akanipa nyingine na ile akaibandika karatasi nyekundu. Hata dakika moja haikufika. Kumbe kifaa kipo! Kumbe namba inaonekana! Hapo hasira ikanirudia upya, maana inamaanisha hata yule kijana angeweza kuichungulia siku ile, ila hakutaka. Narudisha mbili.

Siku hizi kabla ya kukubali betri naigeuza kwanza nitazame ubavu. Wananiona msumbufu, poa.

Juzi nilikwama, ikabidi niingie kwa yule yule. Akanitolea betri, nikaigeuza: mchubuko ule ule. Ya kwangu! Nikasema hii hapana. Safari hii hakubishana, akanipa nyingine kimya kimya, nikadhani ameelewa. Nafunga kiti namwona anamkabidhi ile ile kijana aliyekuwa nyuma yangu, helmeti yake bado ina nailoni ya dukani.

"Mdogo wangu, hiyo iache," nikamwambia.

Kijana akaichomeka, akawasha, akaitazama skrini, kisha akanigeukia anacheka.

"Mbona iko mia, kaka?"